Mageuko, Uumbaji na Maneno Yanayotupotosha

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa hekalu mbele ya wanajumuiya na wageni, wakati wa sherehe za maadhimisho)



Kamati ya vijana imeniomba nizungumze kuhusu ubishi wa miaka mingi baina ya wanaoamini kuwa viumbe viliumbwa kama tunavyoviona leo na wanaoshikilia kuwa vimefikia hapa kwa mageuko. Wameniomba pia nitumie Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo kila aliyemo humu anaielewa. Ombi hilo la pili limenisaidia kuliko walivyodhani, kwa maana sehemu kubwa ya ubishi huu, kwetu sisi, imezaliwa na maneno yenyewe.

Tuanze na usemi ambao kila mtu ameusikia: kwamba Darwin alisema binadamu ametokana na nyani. Nyani wa Kiswahili ni yule mnyama anayevamia mashamba ya mahindi. Darwin hakusema kamwe kwamba huyo ni babu yetu. Kitabu chake maarufu cha mwaka 1859 karibu hakimgusi binadamu; alimshughulikia katika kitabu kingine, mwaka 1871, na humo alionya waziwazi kwamba tusidhani mzazi wa kale alifanana na nyani au sokwe yeyote aliye hai sasa. Katika kitabu hicho hicho alikisia kuwa yaelekea wazee wetu wa kale waliishi Afrika. Aliye karibu nasi zaidi ni sokwe, kama wale wa Gombe na Mahale, na hata huyo si babu bali ni binamu. Yeye na sisi tulikuwa na mzazi mmoja aliyeishi yapata miaka milioni sita au saba iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wala binadamu.

Ndipo huja swali linalodhaniwa kumaliza mjadala: ikiwa tumetokana nao, mbona bado wapo? Wengi wetu humu tuna babu waliopanda majahazi kutoka Kutch na Kathiawar. Je, kuna anayeshangaa kwamba Kutch bado ina watu? Waliobaki wakaendelea na yao, waliosafiri wakaendelea na yao.

Wageni wetu nao wasicheke mapema. Hapa Afrika Mashariki tumezoea kumwita Zinjanthropus babu wa binadamu wote. Mary Leakey alilipata fuvu hilo kule Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Hata hivyo, wataalamu wa leo humweka katika tawi la pembeni, lililokauka bila kuacha kizazi. Hadhi ya Olduvai haipungui kwa hilo. Ila ukoo wa kale ulikuwa kichaka chenye matawi mengi, si mlolongo wa watu waliopangwa mstari mmoja, kama inavyochorwa kwenye fulana.

Neno la pili ni «nadharia». Shuleni tuna mtihani wa nadharia na mtihani wa vitendo, na mtaani mtu akisema «hiyo ni nadharia tu» ana maana kwamba jambo halijathibitika. Katika sayansi neno hilo lina uzito mwingine. Ni maelezo mapana yanayounganisha mambo mengi yaliyopimwa na kukaguliwa. Kwamba maradhi mengi husababishwa na vijidudu, hiyo nayo ni nadharia, na hakuna daktari anayekataa kunawa mikono kwa sababu hiyo.

Neno la tatu ndilo lenye madhara zaidi: «kugeuka». Katika hadithi zetu mtu hugeuka fisi usiku na asubuhi akawa mtu tena. Msikilizaji aliyelelewa na hadithi hizo akisikia habari za mageuko, huona mnyama mmoja akibadilika kuwa mwingine, kisha husema, kwa haki kabisa, kwamba hajawahi kuliona jambo hilo. Hakuna aliyeliona, wala sayansi haidai kwamba hutokea. Kinachobadilika ni kundi zima, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu baadhi ya wanakundi huacha watoto wengi kuliko wengine.

Mfano tunao miilini mwetu. Wazee mnaikumbuka klorokwini, uchungu wake na mwasho wake. Kwa miaka mingi ilitibu malaria, kisha ikaanza kushindwa, na mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza. Mitaani tulisema vimelea «vimeizoea» dawa. Havikuizoea, na hakuna kimelea kilichojifunza lolote. Miongoni mwa mabilioni ya vimelea vilikuwapo vichache vyenye hitilafu ya urithi iliyoviwezesha kustahimili dawa. Vingine vikafa, hivyo vikazaana, hatimaye vikajaa. Malawi iliiacha dawa hiyo mapema zaidi, mwaka 1993, na baada ya miaka kadhaa vimelea vinavyouawa nayo vilikuwa vimerudi na kutawala tena. Hapo pana jibu pia kwa wanaosema kuwa mageuko ni bahati nasibu tupu. Hitilafu hutokea bila mpango, ni kweli, lakini nani abaki na nani atoweke si suala la bahati, bali huamuliwa na mazingira.

Kuhusu kambi mbili zinazodaiwa kupigana, yaani dini upande huu na sayansi upande ule, nitasema machache. Mwaka 2005, huko Pennsylvania nchini Marekani, wazazi wa wilaya ya Dover walikuwa mahakamani kupinga mafundisho ya uumbaji kuingizwa kwa jina jipya katika somo la bayolojia. Shahidi wao mkuu wa sayansi, Kenneth Miller, ni Mkatoliki anayeshika dini yake. Wanasayansi nao hukosea wanapowaweka waumini wote katika kapu moja. Wapo wanaosoma siku sita za uumbaji kuwa ni siku za saa 24, na wapo wengi wanaokubali kuwa dunia ina umri mrefu sana. Zaidi ya hayo, nadharia ya mageuko haielezi uhai wa kwanza kabisa ulianzaje, wala haina chombo cha kupimia kama Mungu yupo. Anayedai kwamba imethibitisha hayupo ameipa kazi isiyo yake.

Sasa nije nyumbani, maana kukosoa jirani ni rahisi. Vijana wetu husema kwa fahari kwamba sisi Wahindu hatuna shida na jambo hili, kwani Dashavatara ni Darwin kabla ya Darwin: kwanza Matsya samaki, kisha Kurma kobe, kisha Varaha nguruwe, kisha Narasimha nusu mtu nusu simba, kisha Vamana mfupi, hadi mtu kamili. Fikra hii imezunguka tangu karne ya 19, nami naiheshimu nia yake. Lakini someni visa vyenyewe. Wakati wa Matsya tayari yupo Manu, naye ni mtu, ana chombo, anaokolewa na gharika. Narasimha hakuwa simba aliye njiani kuwa mtu. Alichukua umbo lile kwa sababu mfalme Hiranyakashipu alikuwa amejaliwa kutouawa na mtu wala mnyama. Ukikigeuza kisa hicho kuwa somo la bayolojia, unapoteza maana yake, na bayolojia unayoipata si sahihi. Vivyo hivyo kalpa ya miaka bilioni 4.32. Kwamba inakaribiana na umri wa dunia, takriban miaka bilioni 4.54, ni jambo la kupendeza, lakini tarakimu hii ya pili ilipatikana kwa kupima madini ya risasi katika vimondo na miamba. Tukijivunia mlingano wa leo, tutafanya nini na tarakimu nyingine za Purana zisizolingana?

Mtaniuliza haya yote yanatuhusu nini. Yanatuhusu katika jambo moja lililo mlangoni petu, nalo ni selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mtu mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana kinasaba hicho, ambacho huua watoto wanapokirithi kwa wazazi wote wawili, hakikutoweka. Kimedumu palipokuwa na malaria: hapa Afrika Mashariki, na Gujarat vilevile, hasa miongoni mwa jamii za Adivasi. Mbu hakuuliza dini wala rangi.

Na bado nasikia, katika nyumba za kila dini, mama akilaumiwa kwa ugonjwa wa mtoto: huyu husema ni laana, yule husema ni karma ya maisha yaliyopita. Sina ugomvi na mafundisho ya karma. Ila wazazi wawili wakiwa kila mmoja na kinasaba kimoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuugua, na baba ana sehemu yake sawasawa na mama. Kabla ya harusi familia zetu hulinganisha nyota za bwana na bibi harusi kwa makini sana. Kipimo cha damu cha selimundu ni kifupi kuliko kazi hiyo, na nawaomba wazee mkiweke katika orodha ileile.

 Maswali nayakaribisha.