Utanzu na Umbo katika Ushairi Simulizi wa Mwambao wa Tanga



Tangu Kaluta Amri Abedi achapishe *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, mjadala wa ushairi wa Kiswahili umeelemea swali moja: je, utungo una vina na mizani? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi kwa tungo zinazoimbwa kutoka Moa hadi Pangani. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika mwambao huo utanzu hutambulishwa kwanza na tukio na sauti. Umbo linalohesabika hufuata.

Utenzi ni mfano wa kwanza. Ubeti wake una mishororo minne ya mizani 8; mitatu ya mwanzo hukubaliana kwa kina, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachorudi hadi tamati. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa Tanga aliutumia muundo huo kusimulia vita vya 1888-1889 dhidi ya Wajerumani. Utenzi huandikwa, lakini hughanwa mbele ya watu. Kina cha bahari, basi, si pambo la karatasi: humjulisha msikilizaji kwamba ubeti umekamilika, na humpa mghani nafasi ya kuvuta pumzi.

Shairi nalo lina mizani 16 katika mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao. Likichukuliwa na kundi la taarabu, kama lilivyokuwa Black Star la Tanga, maneno hurudiwa, ala huingia kati, na kiitikio huachiwa waitikiaji. Hesabu ya karatasini haikubadilika, ila shairi limekwisha kuwa wimbo.

Katika nyimbo za ngoma na za harusi, kwa Wadigo, Wabondei na Waswahili wa pwani, jambo hili ni dhahiri zaidi. Kiongozi hutoa kauli fupi, wenzake hupokea. Anayehesabu silabi bila kuisikia ngoma atasema mizani imepungua. Mwimbaji haoni upungufu, kwa kuwa pigo la ngoma limeijaza nafasi hiyo.

Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, wanamapokeo na wanamabadiliko walishindana vikali juu ya vina na mizani. Pande zote mbili zilitazama zaidi ukurasa kuliko uwanja wa ngoma, ambako nyimbo zisizofuata hesabu hiyo zilikuwapo siku zote, wala si za kigeni.

Athari yake ni kubwa. Mkusanyaji anayenakili maneno pekee huhifadhi nusu ya utungo, na nusu ya pili huzikwa pamoja na wanaoijua. Yafaa kila wimbo urekodiwe pamoja na tukio lake, ngoma yake, anayeanza na wanaoitikia. Hapo ndipo utanzu utakapojulikana kwa jina ambalo wenyewe wanauita.