Chakula cha Perege: Mafuta au Ukungu?

Leo tuna swali la wafugaji wa perege na kambale: chakula cha samaki cha dukani kikiwa na mafuta ya mazao yaliyobadilishwa vinasaba, je, mlaji wa samaki huyo atadhurika?

Soya na kanola nyingi za Marekani ni za namna hiyo. Uingereza nako, watafiti wa Rothamsted walitia vinasaba vya viumbe kama mwani wa baharini kwenye kamelina, mmea wa mbegu za mafuta, ili utoe omega-3 ambayo kwa kawaida hukamuliwa kwenye samaki. Waliupanda shambani mwaka 2014. Samoni waliolishwa mafuta yake kwenye majaribio walikua vizuri, wala hawakuonekana kudhurika. Tusishangae. Mafuta yakishasafishwa, karibu hayabaki na kinasaba chochote, na chembe itakayosalia tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya vinasaba vya mchicha. Perege wetu hata hiyo omega-3 ya samoni haimlazimu. Mafuta ya kawaida ya mimea yanamtosha.

Hapa kwetu Tanzania mbegu zilizobadilishwa vinasaba hazijaruhusiwa kulimwa kibiashara. Jaribio la mahindi ya aina hiyo lililoanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016 lilisitishwa na Serikali. Lakini hilo ni suala la mbegu shambani, tusilichanganye na mafuta ya kwenye chakula cha samaki.

Mimi hofu yangu iko stoo. Pumba na mashudu yakiwekwa na unyevu hushika ukungu, na ukungu huzaa sumukuvu. Mwaka 1960, batamzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza kwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Miaka hiyohiyo, samaki aina ya trauti waliofugwa Marekani walipata saratani ya ini, na chanzo kikawa mashudu ya pamba yenye sumu hiyohiyo. Mwaka 2016 ikaua watu Dodoma na Manyara, kwa mahindi. Kuipika hakuiondoi, na kuanika chakula kilichokwisha kuoza hakuisafishi.

Basi, ndugu mfugaji, kausha pumba kabla ya kuzifunga, na magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta. Mfuko ukinuka uvundo, usiwape samaki, wala usiwahamishie kuku. Ufukie.