Fahali na Majira ya Mvua

Katika Ugogo mvua huanza karibu na Desemba, hukoma Aprili. Ng'ombe huchukua mimba miezi 9 na siku chache. Basi hesabuni: fahali akiachwa kundini daima, huenda akapanda jike Desemba, na ndama akazaliwa Septemba, majani yamekauka na kiwele ni kitupu. Mimi mwenyewe nalipotewa na ndama pamoja na mamaye kwa kosa hilo. Mtengeni fahali, achungwe mbali; mtieni kundini mwanzo wa Machi, majike wakingali wanono, na mwisho wa Aprili mtoeni. Ndama watazaliwa Desemba hata Februari, nyasi zikiwa mbichi na maziwa tele. Afadhali kuhesabu miezi kuliko kuzika ndama.