Kiazi cha Okidi na Soko la Tunduma

(Maelezo kwa wajumbe wa vyama vya msingi, Hasamba)



Mkulima wa Hasamba anaijua vema mimea impatiayo fedha, kwa kuwa huipanda na kuipalilia kwa mikono yake. Lakini katika nyanda hizi za juu ipo mimea iletayo fedha bila kupandwa na mtu. Nayo ni okidi za ardhini, zimeazo katika mabonde yenye unyevu, katika majani ya milimani na kandokando ya misitu. Viazi vyake huchimbwa, hutiwa magunia, hupelekwa Tunduma na kuvushwa mpaka kwenda Zambia. Huko hutwangwa, huchanganywa na unga wa karanga, magadi, chumvi na pilipili, kisha hupikwa mpaka mchanganyiko ugande kama mkate mzito. Chakula hicho huitwa chikanda. Mgeni akionjeshwa kipande chake aweza kuapa kwamba amekula nyama, ilhali hamna nyama hata chembe.

Okidi ni jamii kubwa sana ya mimea; hata vanila imo. Miongoni mwa zile za ardhini, jenasi iitwayo Satyrium yastahili kuelezwa kwa kirefu. Jina hilo ilipewa na mtaalamu wa Sweden, Olof Swartz, mwaka 1800. Ina spishi zipatazo 90, nyingi mno zikiwa za Afrika. Kuitambua si kazi. Katika okidi nyingi petali iitwayo mdomo huwa upande wa chini wa ua, mfano wa kibaraza cha kumpokea mdudu. Katika Satyrium mdomo huo uko juu, umejikunja kama kofia, na nyuma yake huning'inia mikia miwili iliyo wazi ndani, yenye maji matamu. Satyrium buchananii, ipendayo mabonde ya maji, ina maua meupe yenye harufu nzuri na mikia mirefu, hivyo hufaa nondo mwenye mrija mrefu. Huko Afrika Kusini ipo spishi inukayo kama mzoga ili kuwaita nzi, na ipo nyingine itembelewayo na ndege chozi. Chavua yake haipeperuki kama ya mahindi, bali imefungwa katika vifurushi vinatavyo mwilini mwa mgeni na kusafiri naye hadi ua jingine.

Hayo ni ya juu ya ardhi. Jambo zito liko chini yake. Mmea wa Satyrium ukichimbuliwa wakati wa maua, huonekana viazi viwili. Kimoja kimenywea na kulegea. Ndicho kilicholisha shina na maua ya mwaka huu, nacho kitaoza. Cha pili ni kigumu na kimejaa wanga. Ndicho kitakachochipua msimu ujao, baada ya majani kufa na kiangazi kupita. Kwa kawaida mmea mmoja huacha kiazi kimoja tu cha kuurithi. Mihogo hukatwa pingili na viazi vitamu hukatwa marando, lakini okidi hii haina akiba ya namna hiyo. Mnunuzi hukitaka kile kigumu. Anayekirudisha shimoni kile kilicholegea, akidhani amepanda, amezika ganda.

Mbegu nazo ni nyingi ajabu, maelfu katika tunda moja, laini kama vumbi. Ila hazina chakula ndani yake. Mbegu haiwezi kuota mpaka ikutane udongoni na kuvu ifaayo, ambayo huilisha hadi ipate majani yake yenyewe. Kutoka hapo hadi ua la kwanza hupita miaka kadhaa, na mmea ukichimbwa kabla tunda halijapasuka, hata vumbi hilo halipatikani.

Utafiti wa Davenport na Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia kila mwaka. Zambia ilikuwa na okidi zake; zilipopungua, wanunuzi walielekea huku. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, na okidi zilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Aidha, okidi zote zimo katika mkataba wa kimataifa wa CITES, hivyo kuzivusha mpaka kwahitaji kibali.

Hata hivyo, mchimbaji asidhaniwe kuwa mtu mbaya. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, na daftari la mtoto haliwezi kungoja msimu. Kumkataza bila kumwonyesha pengine pa kupata fedha hiyo ni kumfundisha kuchimba usiku.

Jambo la moto nalo hukosewa mara nyingi. Moto wa kiangazi, majani yakiwa yamekwisha kufa, hupita juu ya kiazi kilicholala udongoni, na okidi kadhaa za majani huchanua vizuri baada yake. Jembe silo hivyo. Bonde likilimwa matuta ya mboga, kiazi hugeuzwa juani na makao ya kuvu huvurugwa. Kwa hiyo chama cha msingi kitakapokaa na serikali ya kijiji kugawa mabonde, swali la kwanza ni bonde lipi halijaguswa na jembe bado, na la pili ni nani mwenye shamba jirani atakayekubali kuliangalia mpaka matunda ya okidi yapasuke.