Mchezaji na Jembe
(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wanachama, Chukwani)



Nilikuja kukagua daftari la hisa, nalo nimelikuta safi. Lakini katika kumbukumbu za mikutano yenu nimeona jambo nisiloweza kulipita. Vijana kumi na mmoja wa timu ya mpira ya hapa wameomba kujiunga na chama hiki cha wakulima wa mboga, na maombi yao yamewekwa kando mara mbili. Sababu iliyoandikwa ni maneno mawili: "Wachezaji hawalimi."

Mwaka 1979 Taifa Stars ilitoka sare ya 1-1 na Zambia mjini Ndola, kwa bao la Peter Tino, ikapata nafasi ya kwenda Lagos katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 1980. Mwalimu wake alikuwa Joel Bendera. Mtu angedhani habari yake ingeishia uwanjani. Haikuishia. Alikuja kuwa Mbunge wa Korogwe Mjini, akawa Naibu Waziri katika wizara ya michezo, kisha Mkuu wa Mkoa wa Morogoro na baadaye wa Manyara. Alifariki Desemba 2017. Huko Morogoro alikabiliana na ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na maji, mchezo usio na kipenga cha mwisho.

Najua si kila mchezaji atapata cheo. George Weah aliiongoza Liberia tangu 2018 hadi 2024, lakini Weah ni mmoja. Vijana wetu waliotwaa Kombe la CECAFA kule Uganda mwaka 1995 sasa ni watu wa makamo, na miguu haingoji mtu. Taifa Stars iliporudi katika fainali za Afrika mwaka 2019, baada ya miaka 39, Rais Magufuli aliwazawadia wachezaji viwanja Dodoma. Zingatieni kwamba zawadi ile ilikuwa ardhi.

Nanyi mnajua ardhi ya Chukwani inavyokwenda. Kila mwaka nyumba zinaongezeka na makonde yanapungua. Tukiwafungia mlango vijana hawa, sijui nani atalima mabaki.

Mjumbe mmoja ameniambia, na ni hoja ya haki, kwamba mazoezi huwa baada ya alasiri, saa ile ile ambayo tungule na mchicha hutaka maji. Basi wapangiwe zamu. Wanne wamwagilie jioni moja na wengine wafanye mazoezi, na asiyetimiza zamu atozwe faini kama mwanachama yeyote. Hisa walipe kwa mafungu. Tena kijana akisajiliwa na klabu ya Bara, fedha hupokewa kwa mkupuo na huisha kwa mkupuo. Akiwa mwanachama, sehemu yake itakaa katika akiba, nasi tutakuwa na mtaji wa pampu tunayoizungumza kila mkutano.

Kanuni ya kwanza ya ushirika duniani, kama ilivyothibitishwa mjini Manchester mwaka 1995, ni uanachama wa hiari ulio wazi kwa wote walio tayari kubeba wajibu wake. Haikutaja kazi ya mtu saa za jioni.

Fomu kumi na moja zimo katika jalada la Katibu. Nimeomba zisomwe mkutano ujao, jina moja moja, na vijana wenyewe waitwe wajibu maswali. Nami nitakuwepo.