Kuwasaidia Wazee Kujiandikisha kwa Simu
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mwaka, Voi



Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, imeshika mahali pa ile Bima ya Taifa ya Hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966. Mtu aweza kujiandikisha kwa simu, kwa kubonyeza *147#. Kwa kijana ni kazi nyepesi. Kwa mzee wa Sagalla au Kasigau ambaye macho yamefifia, ni mlima.

Basi sisi tujuao kusoma yatupasa kujitolea, tuketi naye na kumsomea kila swali, wala tusipokee hata senti. Tena tumwambie kweli: kuandikishwa siko kulipa. Akiisha kuandikishwa, ana haki ya kutibiwa bure katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Lakini kulazwa katika hospitali kubwa, kama ile ya Moi hapa Voi, kwataka mchango uwe umekwisha lipwa. Asije akayajua hayo siku ya ugonjwa.

La mwisho: nambari ya siri ni mali ya mzee. Aibonyeze mwenyewe, hata akikawia. Sisi tumwazime macho. Ufunguo abaki nao.