Korongo Taji Asiyeweza Kupaa: Funzo la Kituo cha Umusambi

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wakazi katika mkutano wa kata)



Nimepewa nafasi ya kueleza habari za ziara katika kituo cha Umusambi, mjini Kigali, Rwanda. Kwa Kinyarwanda, umusambi ndiye korongo taji: ndege mrefu mwenye shada la dhahabu kichwani, ambaye sisi wa bonde la Mto Kagera humwona mashambani na vinamasini.

Kituo hicho kina ukubwa wa hekta 21. Mgeni hupita kwa miguu kando ya kinamasi, akitakiwa kunyamaza na kukaa mbali na ndege. Makorongo hutembea majanini wakidonoa wadudu. Mtazamaji asiyeelezwa atadhani wamekamilika, lakini wengi wao hawawezi kupaa tena.

Ndege hao walikuwa wakifugwa kama mapambo katika bustani za nyumba na hoteli. Walikamatwa wangali makinda, na mabawa yao yakakatwa au kuvunjwa wasije wakatoroka. Mwaka 2014 daktari wa wanyama Olivier Nsengimana alianzisha kazi ya kuwakomboa, kwa kushirikiana na serikali ya nchi hiyo. Waliandikishwa, wakapimwa afya na kuvishwa pete miguuni. Zaidi ya 200 wametolewa kifungoni. Wenye afya walipelekwa Hifadhi ya Taifa ya Akagera, inayopakana na nchi yetu, wakarudia maisha ya porini. Waliobaki vilema ndio wanaotunzwa Umusambi.

Ndugu zangu, unyoya uliokatwa huota tena. Mfupa wa bawa ulioungana vibaya haunyooki. Hapo ndipo uwezo wa daktari unapokoma na wajibu wetu unapoanza.

Tangu mwaka 2012 korongo taji ameorodheshwa kimataifa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka. Hujenga kiota ndani ya kinamasi na kutaga mayai machache, kwa kawaida mawili hadi manne. Kinda mmoja akichukuliwa, au kinamasi kikichomwa moto na kulimwa, hasara yake haifidiwi kwa wepesi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, tusiwakamate makinda wala kuokota mayai, na tuwaelimishe watoto wetu wanaochunga mifugo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyamapori bila kibali. Pili, tuheshimu mpaka wa mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kinamasi kinachomlea korongo ndicho kinachohifadhi maji tunayoyategemea wakati wa kiangazi. Tatu, anayemwona ndege aliyejeruhiwa asimlazimishe kula wala kunywa. Awazuie mbwa na watoto, ajihadhari na mdomo wake unaoweza kuumiza macho, kisha atoe taarifa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, ili afisa wanyamapori wa wilaya aitwe mapema.

Kinda anayetembea peke yake majanini si lazima awe yatima. Mara nyingi wazazi wake wako karibu. Tumwache alipo.